Jiwe Lisiloshika Pini

Dresden, Ujerumani
21 Januari 2024

Mjomba Yahaya,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna masikio. Nawasalimu wote hapo Same na majirani zako wa stendi. Ukipanda Vudee Jumamosi, mpe Mama shikamoo yangu kabla hujafungua bahasha hii, maana najua atakunyang'anya ainuse kwanza. Mwambie harufu atakayoipata si manukato, ni salfa. Tunapika salfa na metali ndani ya vichupa vya kioo ili kuotesha fuwele, vijiwe vidogo vinavyong'aa, na kichupa kikipasuka jengo zima linanuka mayai viza. Juzi kimepasuka changu. Nimeosha nywele tena na tena, na bado kwenye tramu mama mmoja alihama kiti. Nilijionea kinyaa kama mtu aliyelala kwenye banda la kuku.

Ulisema Mama anauliza mtoto wake anasoma nini kisichokwisha. Macho yake hayasomi tena, na tangu simu yake itumbukie mferejini sina njia ya kumweleza ila wewe. (Fundi simu wa stendi nzima ni mjomba wangu, na simu ya dada yake bado mbovu. Haya.) Sasa msomee polepole.

Mama, unaijua ndiva, lile bwawa la juu ya shamba letu. Ikifika zamu yetu na banio likifunguliwa, maji yanateremka mferejini moja kwa moja hadi kwenye mahindi. Umeme nao ni chembe ndogo sana, elektroni, zinazoteremka ndani ya waya. Katika waya wa kawaida zinagongana njiani na kupoteza nguvu. Jiwe langu si waya wa kawaida, ni nusu metali. Elektroni zake zinazotembea ni chache, na baadhi yake zina tabia ya ajabu: zinakwenda kana kwamba hazina uzito kabisa. Tabia hiyo haiondoki kwa kulikwaruza jiwe au kulichafua kidogo. Ni kama fundo kwenye kamba ambayo ncha zake zimeunganishwa: vuta, kunja, fundo liko pale pale. Sisi tunaiita topolojia.

Ndani ya jiwe hilo kila chembe ya kobalti, ile metali tuliyoipika, ni sindano ndogo ya sumaku, kama ile ya dira. Jiwe likiwa vuguvugu, sindano zinaelekea ovyo, na elektroni zinateremka moja kwa moja. Tukilipoza sana, baridi ambayo hewa yenyewe ingeganda, sindano zinakubaliana kujipanga. Hapo elektroni zinaanza kuegemea upande mmoja, kama maji yanayong'ang'ania ukingo wa kushoto wa mfereji na hakuna aliyeuinamisha mfereji. Hakuna sumaku nje. Ni ule mpangilio wa sindano tu ndio unaozisukuma. Mimi napima zinasukumwa kiasi gani, na kwa nini.

Basi hiyo ndiyo shule yangu isiyokwisha. Mjomba, Mama ameze dawa za presha kila asubuhi, kile kidonge cheupe kinachomkojoza na kile cha njano. Niandikie kama anameza.

Nasrin


Same
2 Machi 2024

Mwanangu Nasrin, taa ya ukoo,

Marahaba sana. Sisi huku tumo, jua linatukaanga na upepo unatumwagia vumbi, katani peke yake ndiyo inayonawiri. Yunus wa mzee Abdulmalik ameoa, binti wa Ugweno, pilau lilikuwa na mchanga lakini hatukusema. Mbuzi wa Kurwa aliingia dukani kwangu akatafuna waya wa chaja tatu, na mwenyewe anadai mbuzi wake ndiye aliyedhurika. Mji ni ule ule.

Barua yako imetutoa kimasomaso. Nimeisoma kwa mama yako barazani, akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nimeisoma arusini kwa Yunus, watu wakaacha kula. Nimeisoma stendi, madereva wakazima injini. Sijui umejifunza wapi kueleza hivyo, labda kwa mjomba wako.

Tangu siku hiyo neno moja limenikaa kichwani: mpangilio. Chembe zikiwa ovyo, vurugu. Zikijipanga, mambo yanakwenda. Nikawaza, maji nayo yana chembe. Damu nayo ina chembe, tena kila mtu anajua damu ina chuma. Na mimi dukani kwangu nina spika mbovu zimejaa hadi dari, kila moja na sumaku yake inakaa bure. Nimeanza kamradi kadogo. Nitakueleza kakikomaa.

Nitumie picha yako umevaa lile koti jeupe la maabara. Mama yako anaitaka aitundike ukutani.

Anakusalimu mno. Kuhusu swali lako la mwisho, nimelisikia.

Mjomba wako,
Yahaya


Dresden
14 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Eid nimeisali na wanafunzi wa Kituruki. Tulikula vizuri, nikashiba, na kilichonitapisha usiku ule hakikuwa chakula.

Brightness, yule niliyesoma naye sekondari, alinitumia klipu. Nadhani unaijua. Umesimama kwenye ngazi ya duka lako, kipaza sauti mkononi, na nyuma yako imetundikwa picha yangu na koti jeupe, ile ambayo ilikuwa ya ukutani kwa Mama. Mezani kuna chupa, kila chupa imekalishwa juu ya sumaku uliyoing'oa kwenye spika. Unapaza sauti: "Mtoto wetu wa hapa hapa Same, bingwa wa sumaku Ulaya, amegundua mpangilio! Chembe zikijipanga, damu haina kikwazo, presha kwaheri!" Kisha unawasomea barua yangu, barua niliyomwandikia mama yangu. Kila palipoandikwa jiwe, wewe umesoma maji.

Na maji yenyewe nimeyajua kwa rangi. Ni ya ndiva. Mjomba! Ile ile ambayo ng'ombe wanaingia hadi tumboni, wanakunywa huku na kunya huku, na vyura wanataga yale mayai yao yanayovutika kama makamasi. Nilisimamisha klipu, nikaikuza. Kwenye chupa iliyo karibu na mkono wako kuna kitu chenye mkia, na kinaogelea. Umewauzia watu viluwiluwi kwa jina langu. Tangu nikione kile kidudu siwezi kunywa maji bila kuinua glasi kwenye mwanga.

Sasa nisikilize, na ukimsomea Mama usiruke. Mpangilio ninaoupima unaishi kwenye baridi kali tu. Jiwe likipata joto, kabla hata halijafikia joto la barafu ya kawaida, sindano zote zimekwisha vurugika na elektroni zinarudi kuteremka kama kawaida. Mwili wa mtu ni tanuri kwa jambo hili. Na hata mtu angekuwa wa barafu, damu si fuwele. Chembe za jiwe zimesimama safu kwa safu, kila moja na jirani yake, ndiyo maana zinaweza kukubaliana. Chuma cha kwenye damu kinaelea kila mahali na sumaku ya spika hakina habari nayo. Maji ndiyo kabisa, hayajui lolote.

Tena hukusoma vizuri. Sikusema mpangilio unarahisisha njia. Nilisema unapindisha, elektroni zinaegemea upande mmoja. Nani anataka damu yake iegemee upande mmoja?

Ningekuwa na hamu ya kucheka ningekuchekesha na hili: jiwe langu halishiki hata pini. Sindano zake tatu tatu zinatazama pande tatu, ukizijumlisha zinafutana, na kwa nje huoni dalili yoyote ya sumaku. Elektroni zinazopita ndani ndizo zinazojua kuna nini. Wewe umechukua kitu cha ndani kabisa, kigumu, ambacho watu wenye akili wanakesha nacho, ukakigeuza tope la kwenye chupa.

Kundi la ukoo la WhatsApp nimejitoa. Kila nikilifungua nakuta chupa zako. Simu zangu hupokei. Toa picha yangu, mwaga maji hayo. Na Mama je, anameza dawa zake? Hukunijibu.

Nasrin


Same
20 Mei 2024

Mwanangu Nasrin,

Marahaba, japo shikamoo yako ilikuwa na miiba.

Mvua za masika zimekuja kwa fujo. Barabara ya Vudee imekatika mahali pawili, Method wa bodaboda amebingirika na mzigo wangu, yeye hajaumia ila mzigo. Tangawizi ya mama yako imeota vizuri. Hedwiga wa mgahawa amejifungua mapacha, wote wa kike, na mumewe ana uso kama aliyefiwa, mjinga yule.

Barua yako nimeisoma nikaisukuma mbali kama sahani yenye nywele. Kinyaa! Unayaonea kinyaa maji yaliyokulea. Ukiwa mdogo uliyachota kwa kiganja ukanywa, ukajifuta kwa gauni ukaendelea kucheza. Sasa umekwenda Uzunguni, pua imekuwa ndefu, ndiva inanuka na mjomba ananuka. Mimi ndiye niliyekuonea kinyaa niliposoma. Mtoto anamwambia mjomba wake tope!

Na wewe una nini cha kujivunia? Miaka yote hiyo unapooza kijiwe kisichoshika pini. Sumaku gani haishiki pini? Ungekileta dukani kwangu ningekurudishia na kukusema juu yake. Zangu zinashika nati, vijiko, na koleo la fundi mwenzangu hadi tumeling'oa wawili. Watu wanakuja kutoka Mwanga, kutoka huko Jipe, wanasema wanajisikia wepesi. Yako imemfanya nani ajisikie mwepesi?

Picha nimeitoa. Nimeweka mchoro wako.

Mama yako hajambo, tena zaidi ya hajambo. Barua yako nimemsomea, yale yanayomhusu. Ungemwona amependeza, mwanangu! Uso umejaa kama wa mwali aliyetoka ndani, mashavu yanang'aa. Vidole vimenona hadi pete aliyovishwa na baba yako haitoki tena. Na ile adha ya kuamka amka usiku kwenda uani imekwisha kabisa, analala hadi adhana ya alfajiri. Sasa niambie, wewe msomi, hiyo ni kazi ya nani?

Mjomba wako unayemtapikia,
Yahaya


Dresden
9 Juni 2024
(kwa posta ya haraka)

Mjomba,

Shikamoo nitaiweka mwisho, nikiiweza.

Mama ameacha dawa. Hukuandika hivyo. Umeandika analala hadi alfajiri. Kile kidonge cheupe ndicho kilichokuwa kikimwamsha, ndiyo kazi yake. Uso uliojaa si unono, ni maji yaliyokosa pa kutokea. Unamtazama dada yako anavimba, unamsifia amependeza. Nimeisoma aya ile nikiwa maabara, nikakimbilia sinki.

Nimempigia Jenoveva, muuguzi wa zahanati ya hapo Vudee. Alikwenda kwa Mama siku hiyo hiyo na kipimo, presha iko juu ya mia mbili. Mama hakumkatalia kwa ubaya. Alimpakulia makande, akasubiri amalize, akamwambia: "Maji haya kaniletea Yahaya. Yahaya akisema nirudie vidonge, nitarudia. Ndugu yangu hawezi kuniwekea kitu kibaya mdomoni." Jenoveva akanipa niongee naye. Mama akaniambia barua zangu zote amesomewa na hakuna mahali nilipoyakataa maji. Tena akanishukuru kwa kuyagundua. Nikamwambia, Mama, si kweli, hayo maji si yangu. Akasema simu inakwaruza, nimsalimie baridi ya huko.

Mjomba, barua ile ya Aprili ulimsomea nini?

Nilifikiri kukutishia na watu wa mamlaka. Nikaona watakufunga wewe, na Mama atawachukia wao na kuendelea kunywa. Nilifikiri kukuandikia fizikia zaidi, lakini nimeona unavyoifanya fizikia. Nakupa hii moja tu, na haiuziki.

Wiki hii nilipoza jiwe bila kuweka sumaku yoyote pembeni. Mashine ikasoma sufuri. Mgeni angesema humu hamna kitu. Kumbe nusu ya jiwe ilikuwa inazisukuma elektroni kushoto kwa nguvu zake zote, na nusu nyingine inazisukuma kulia kwa nguvu ile ile. Zinafutana. Kimya chako kuhusu dawa za Mama nilikisoma hivyo tangu Machi: kuna kitu, tena kikubwa, na umekifuta. Ili jiwe zima likubali upande mmoja, wakati linapoa lazima pembeni pawepo sumaku ya kuliongoza. Kwa Mama sumaku hiyo si mimi na koti langu jeupe. Nimejaribu, hanioni. Ni wewe. Ataelekea utakakosimama wewe.

Kwa hiyo sikuombi uliamini jiwe. Nakuomba kitu alichokijua hata Bibi. Kwetu anayeleta kinywaji huonja kwanza mbele ya anayemletea, ndipo amkabidhi. Hata uji wa mgonjwa ulionjwa. Je, maji haya umewahi kuyaonja mbele ya Mama? Chukua chupa yenye rangi kuliko zote, mimina kikombe, onja, umeze. Kisha mwambie ulichokionja.

Shikamoo.

Nasrin


Same
21 Julai 2024

Nasrin mwanangu,

Marahaba.

Barua yako ilikaa posta, na kosa si la posta. Nilifungua sanduku, nikauona mwandiko, nikalifunga nikaondoka. Nilichukia hata kuishika. Eid ya kuchinja ikapita ikiwa bado mle ndani. Yunus na mkewe wa Ugweno wamehamia jirani na mimi, wanagombana kwa sauti ya chini. Mapacha wa Hedwiga wanakua, na baba yao sasa anawabeba mmoja mmoja stendi nzima kuwaonyesha. Najua si haya unayoyangoja. Nafika.

Mwishowe niliichukua, nikapanda Vudee na Method. Mama yako alikuwa barazani anachambua maharage kwa kupapasa. Nilimsomea barua yako yote. Sikuruka. Nilipofika kwenye ile sumaku ya pembeni akasema, "Hapo rudia," nikarudia. Nilipofika kwenye kuonja aliacha maharage. Akasimama, akaingia ndani akishika ukuta, akatoka na chupa na kile kikombe cha bati cha marehemu baba yetu. Akanimiminia mwenyewe.

Maji hayo nimeyauza tangu mwezi wa pili na yalikuwa hayajapita mdomoni mwangu. Nyumbani nakunywa ya kuchemsha. Kila nikienda kuchota pale ndivani nilikuwa naziba pua na kutazama kando, nikijua fika ng'ombe wanasimama wapi. Dada yangu nilimpa bila kuonja, kwa kuwa ni dada yangu, nikasema hakuna haja. Nilikiinua kikombe. Juu palikuwa na utando wa kijani, ukajikunja mdomoni kama malai ya maziwa yaliyoharibika. Kulikuwa na kitu kidogo laini, sikutaka kukijua. Nilitema kwenye kanzu, nikatapika mbele ya dada yangu na mbele ya Method, makamasi yananitoka, hadi kikombe cha baba kikaniponyoka.

Dada alingoja nimalize, kama alivyokuwa akinisubiri utotoni nikitapika matunda mabichi. Halafu akacheka. Kicheko chake unakijua. Akacheka, na mdomo ukaenda upande wa kulia peke yake, wa kushoto ukabaki umelala. Nilidhani ananikejeli. Nikangoja urudi, haukurudi. Chupa ikamtoka mkono wa kushoto, maji yakamwagika yakanifikia miguuni.

Uliandika Aprili, nani anataka damu yake iegemee upande mmoja. Mstari huo sikumsomea. Niliuona mkali.

Method alimbeba mgongoni hadi mahali barabara ilipokatika, na Jenoveva, niliyempigia simu, alikuwa amekwisha ita gari likangoja ng'ambo. Yuko hospitali hapa Same. Anaongea, neno moja moja, akili iko sawa, anajua nani kaja na nani hakuja. Mkono wa kushoto hauinuki. Daktari alianza kuniambia kama angekuwa anameza dawa zake muda wote huo, nikatoka nje kabla hajamaliza. Sikukupigia simu. Jenoveva aliniambia anakupigia yeye, nikashukuru, na kushukuru huko kwenyewe nakuonea aibu.

Chupa zote nimezimwaga nyuma ya duka. Siku mbili pamenuka, wapita njia wanaziba pua na kuniuliza nimezika nini. Juzi mzee mmoja alitoka Jipe kuja kununua, nikamwambia hakuna, nikamwambia ni uchafu, amwone daktari. Alinitukana kwamba nimeshiba sasa sitaki wengine wapone, akavuka barabara akanunua kwa mwingine. Ndiyo, wako wawili sasa wanaouza, na mmoja anacheza ile klipu mchana kutwa. Nakaa dukani naisikia sauti yangu mwenyewe inasema presha kwaheri. Nimemwomba aizime, amecheka. Sijawahi kuichukia sauti ya mtu hivyo.

Simu ya mama yako nimeitengeneza, ilikuwa kazi ya dakika chache. Anasema bado anataka karatasi, basi andika. Nitasoma kila neno, na Jenoveva akija mjini atasoma tena nyuma yangu, tumekubaliana hivyo mbele ya mama yako. Tena mwandikie habari za jiwe. Jana aliniuliza kama lile lisiloshika pini limekubali upande.

Vidonge nampa mimi asubuhi, cheupe na cha njano, na maji yaliyochemshwa, masafi, unaona hadi chini ya glasi. Asubuhi ya kwanza nilimsogezea mdomoni. Akainua ule mkono unaoinuka, akaisukuma glasi ikanirudia. Nikadhani anakataa dawa, nikaanza kumbembeleza. Akasema, "Wewe kwanza."

Nikaonja. Akaniwekea vidole kooni kusikia kama nimemeza, ndipo akafungua mdomo. Tangu siku hiyo ni hivyo kila asubuhi, vidole vyake kooni kwangu, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wanatutazama.

Yahaya